Matairi ya siku ya baridi uwanjani: nunua kwa joto utakalolifikia

Majira ya baridi yakikaribia, swali huwa lile lile. Mtu ana pikipiki ya spoti, ameshalipia siku ya kuendesha kwenye uwanja wa mbio, utabiri unasema asubuhi itakuwa nyuzi joto 6, naye anauliza ni tairi gani lina mshiko kuliko yote. Mimi humrudishia swali. Tairi lenye mshiko kuliko yote hutoa mshiko huo likishapata joto lake. Je, wewe kwa mwendo wako utalifikisha kwenye joto gani, na utaweza kulishikilia hapo kwa dakika 15 au 20 za zamu yako? Nunua tairi la joto hilo.

Mpira hushika lami kwa njia mbili. Kwanza hubonyea na kuingia kwenye vishimo na vichongo vidogo vya lami, na kila unapobonyea na kurudi hupoteza nguvu kidogo. Upotevu huo ndio unaopinga kuteleza. Pili, molekuli zake hunata kwenye uso wa lami. Njia zote mbili zinahitaji mpira uliolainika. Ukipoa hukakamaa, ukakaribia tabia ya plastiki, na hapo hauingii kwenye vishimo wala haunati. Kila mchanganyiko wa mpira una kiwango chake cha kukakamaa. Ile ya mbio imetungwa ivumilie nyuzi 80 hadi 100 bila kulegea, kwa hiyo ikiwa na nyuzi 25 bado imelala. Ya barabarani imetungwa kwa ajili ya mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kukutana na kona ya kwanza baada ya mita 200.

Tofauti hiyo inatokana kwa sehemu kubwa na silika, unga wa madini unaochanganywa kwenye mpira. Tairi lenye silika nyingi hubaki linajikunja hata likiwa baridi, na hushika vizuri lami iliyolowa. Tairi la mbio hutegemea zaidi masizi ya kaboni, ambayo ni mazuri sana kwenye joto kali lakini hayana huruma kwenye baridi. Ndiyo maana nasema wazi kwamba siku ya nyuzi 8, tairi zuri la barabarani likiwa mikononi mwa mwendeshaji wa kawaida hushika kuliko sliki, yaani tairi la mbio lisilo na mifereji. Wengi hawapendi kusikia hivyo, kwa sababu sliki ndiyo inayoonekana ya kibingwa kwenye picha.

Makundi ya matairi, na lipi linafaa wapi

Matairi ya safari za spoti, kama Michelin Road 6, Pirelli Angel GT II au Bridgestone T32, hupata joto haraka kuliko yote na hayahitaji maandalizi. Watu huyadharau uwanjani. Lakini kwa mwendeshaji wa kundi la wanaoanza, au hata la kati, kwenye lami ya nyuzi 4 hadi 10, ni chaguo la heshima kabisa. Udhaifu wake hujitokeza jua likitoka na mwendo ukapanda: kiunzi chake (mwili wa tairi ulio chini ya mpira wa juu) ni laini, uso unaanza kujisogeza chini yako ukifungua gesi ukiwa umelala, yaani pikipiki imeinama konani, na mabega (pande za uso zinazogusa lami ukiinama) huchakaa upesi. Ukianza kuhisi nyuma inaogelea kila unapotoka kwenye kona, tairi limepita joto lake. Punguza mwendo kidogo, au maliza zamu mapema.

Kundi la pili ndilo ningelipendekeza kwa watu wengi: matairi ya spoti ya barabarani, kama Pirelli Diablo Rosso IV, Michelin Power 6, Bridgestone S23, Continental SportAttack 4 au Dunlop SportSmart Mk3. Mengi yana mchanganyiko mgumu katikati na laini zaidi mabegani, na kiunzi kinachovumilia breki kali. Yakiwa na joto la ndani la nyuzi 35 hadi 50 yanakuwa yameamka, na mwendeshaji wa kati mwenye juhudi anaweza kuyafikisha hapo hata siku ya mawingu. Lami ikiwa kati ya nyuzi 6 na 18, sioni sababu ya kutafuta kingine.

Kundi la tatu ni yale ya uwanjani yanayoruhusiwa barabarani: Pirelli Diablo Supercorsa SP, Michelin Power Cup 2, Metzeler Racetec RR na ndugu zao. Mifereji ni michache na mpira ni wa joto zaidi. Lami ikiwa chini ya nyuzi 15 na huna mablanketi ya umeme ya kupashia, raundi mbili au tatu za kwanza zitakuwa za kubahatisha, na baada ya kila bendera nyekundu (ishara ya kusimamisha zamu) utaanza upya. Hapa kuna mtego mmoja wakati wa kununua. Supercorsa huuzwa kama SP na kama SC, na kwa macho yanafanana. SP ni ya barabarani. SC ni ya mbio na hufuatiwa na namba inayotaja mchanganyiko. Soma herufi ubavuni mwa tairi kabla ya kulipa, hasa kama unanunua yaliyotumika.

Sliki ziwe za mtu mwenye mablanketi, umeme wa uhakika na mwendo wa kundi la kasi. Kama moja kati ya hayo matatu linakosekana siku ya baridi, ziache nyumbani. Kuna jambo lingine pia: sliki kwenye lami yenye unyevu, hata ule wa umande uliobaki kwenye kivuli cha miti saa nne asubuhi, haina pa kuyapeleka maji. Siku za baridi lami haikauki yote kwa pamoja. Utakuta kona nane kavu na moja yenye kiraka cheusi kinachong'aa.

Matairi ya mvua ni kwa ajili ya maji. Yakienda kwenye lami kavu, hata ya baridi, meno yake marefu hujisogeza na kuchemka, na tairi likaisha ndani ya zamu chache.

Kabla ya kwenda mbele, niondoe dhana moja. Watu husema siku ya baridi nunua mchanganyiko laini zaidi. Kwa matairi ya mbio mara nyingi huwa kinyume, hasa nyuma. Angalia Pirelli za World Superbike, mbio za dunia za pikipiki: SC0 ya nyuma, ambayo ni laini, hupendwa lami ikiwa moto, na ikipoa timu hurudi kwenye mchanganyiko mgumu zaidi, kama SC1. Sababu ni kwamba mpira laini sana ambao haujapata joto hauna uimara wa kujishikilia wenyewe. Lami huushika juu wakati chini bado umekakamaa, ukachanika. Kwa hiyo neno “laini” kwenye lebo halikuambii tairi litaanza kufanya kazi kwenye joto gani. Tafuta jedwali la mtengenezaji linaloonyesha kiwango cha joto, na kama halipo, nenda kundi moja chini kuelekea barabarani.

Halafu mbele na nyuma viwe vya familia moja. Nyuma yenye mshiko wa mbio na mbele ya safari itaisukuma ya mbele iteleze, na hiyo ni ajali isiyokupa nafasi ya kujirekebisha.

Upepo, na geji kama kipimajoto

Hapa ndipo siku nyingi huharibika, na ndipo pesa kidogo husaidia sana. Nunua geji nzuri ya upepo na uitumie hiyo hiyo daima. Geji mbili tofauti zinaweza kupishana kwa psi 2 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), na siku ya baridi psi 2 ni tofauti kubwa.

Pikipiki nyingi za spoti zimeandikiwa psi 36 mbele na 42 nyuma. Hizo ni za barabarani, za mzigo na mwendo mrefu. Uwanjani kiunzi kilichojazwa hivyo hakijikunji vya kutosha, hivyo hakizalishi joto, na eneo linalogusa lami ni dogo. Kwa matairi ya spoti ya barabarani bila mablanketi, mahali pa kuanzia ni psi 30 hadi 32 mbele na 28 hadi 30 nyuma, yakiwa baridi. Mtengenezaji wa tairi lako akitoa namba zake za uwanjani, anza na zake.

“Yakiwa baridi” maana yake baridi ya pale uwanjani, asubuhi ile. Ukijaza psi 30 kwenye gereji yenye nyuzi 20 kisha ukafika uwanjani kwenye nyuzi 2, utasoma 27 na ushee bila upepo wowote kuvuja. Vilevile pikipiki ikisimama juani upande mmoja, tairi la upande huo litasoma zaidi. Pima kivulini, kabla haijazunguka hata mita moja.

Sasa jambo ambalo ningetamani kila mtu alijue. Upepo ndani ya tairi hupanda kulingana na joto, kwa hiyo geji inakusomea joto la ndani. Ukianza na psi 30 kwenye nyuzi 5, kila psi 1 inayoongezeka ni kama nyuzi 6. Ingia piti (eneo la pikipiki pembeni mwa njia ya mbio), usisimame kupiga soga, chuchumaa, pima mbele kwanza kwa sababu ndiyo inayopoa upesi. Ikisoma 33, hewa ya ndani iko kwenye nyuzi 24 hivi: tairi bado limelala, chochote unachohisi mikononi. Ikisoma 36, uko karibu na nyuzi 42, na hapo tairi la spoti la barabarani linafanya kazi yake. Andika namba hizo kwenye kipande cha karatasi pamoja na joto la hewa. Baada ya zamu tatu utakuwa unajua mengi kuhusu tairi lako kuliko jukwaa zima la washauri.

Kama ongezeko ni dogo, punguza psi 1 kwa wakati mmoja. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi na kujipasha zaidi. Lakini usiendelee kushuka bila mpaka. Chini ya psi 28 mbele, likiwa baridi, tairi la barabarani huanza kuyumba chini ya breki, usukani unakuwa mzito kuinama, na pikipiki inachelewa kuitikia. Ukipunguza mara mbili na ongezeko likabaki psi 3 tu, tatizo si upepo. Tairi ulilochagua ni la joto kuliko mwendo wako wa siku ile, na hilo halitatuliwi kwa valvu.

Baridi haikai sawa kwenye tairi lote

Geji inakupa wastani wa tairi zima, na wastani huficha mambo mawili.

La kwanza ni mbele na nyuma. Tairi la nyuma husukumwa na injini, hivyo hupata joto kila unapofungua gesi. La mbele hupata joto kwa breki na kwa kukunjwa kwenye kona, kisha kwenye mnyoofu mrefu hupigwa na upepo baridi bila kufanya kazi yoyote. Mwendeshaji anahisi nyuma imeshika vizuri anapotoka kwenye kona, anajiamini, anaingia kona inayofuata kwa kasi kubwa zaidi, na mbele inakunjika. Uthabiti wa nyuma hauthibitishi chochote kuhusu mbele. Mpaka umepiga breki kwa nguvu mara kadhaa ukiwa wima na kusikia mbele ikizama na kushika, chukulia haiko tayari.

La pili ni kushoto na kulia. Uwanja wa Sachsenring, Ujerumani, una kona 13, na 10 kati yake ni za kushoto. Kona ya 11 ni ya kulia, inateremka, inaingiwa kwa kasi, na inakuja baada ya mfululizo mrefu wa kushoto. Bega la kulia linafika pale likiwa limepigwa na upepo muda wote. Waendeshaji wa MotoGP, wenye matairi yaliyotengenezwa kwa mabega mawili tofauti, wameanguka pale mara nyingi. Uwanja wa Valencia una kona 9 za kushoto na 5 za kulia, na asubuhi za wikendi ya mbio zake za Novemba, kona ya 4, ya kwanza ya kulia, huwa na sifa mbaya ile ile. Kabla ya siku yako, chukua ramani ya uwanja, hesabu kona za kila upande, na utie alama ile ya kwanza inayotumia bega lililopumzika muda mrefu. Hiyo ndiyo kona yako ya tahadhari kwa siku nzima, hata kwenye raundi ya nane.

Na namna ya kupasha? Kuyumbayumba kushoto na kulia kwenye mnyoofu, kama magari ya mbio yanavyofanya, hakupashi tairi la pikipiki kwa kiasi cha maana, na unafanya hivyo juu ya mabega ambayo ndiyo baridi zaidi. Joto linatoka kwenye kukandamizwa. Ukiwa wima, fungua gesi kwa uthabiti, kisha breki kwa uthabiti, na kila raundi ongeza kidogo nguvu ya breki na ulalo wa kona. Raundi ya kwanza iwe ya utulivu, ya pili ya kuongeza, na ya tatu bado ya kupima. Kwenye baridi kali hesabu nne. Bendera nyekundu ikikufanya usubiri dakika kumi piti, hesabu inaanza tena kutoka moja.

Mablanketi ya umeme

Mablanketi ni mazuri, ila yanaeleweka vibaya. Huyapa matairi joto la kuanzia. Kinacholitunza joto hilo ni mwendo wako.

Chukua sliki iliyopashwa hadi nyuzi 80 na kuwekewa psi 30 ikiwa moto. Lami ni ya nyuzi 7, mwendeshaji ni wa kundi la kati. Raundi ya kwanza inashika ajabu. Lakini mwendo wake hauzalishi joto kama linalopotea, tairi linashuka hadi nyuzi 55, na upepo nao unashuka hadi karibu psi 27. Sasa ana tairi lililopoa na lililolegea kwa pamoja, na yuko kwenye raundi ya nne, wakati ambao akili yake inamwambia kwamba matairi yameshapata moto. Ajali nyingi za aina hii huitwa “sijui imekuwaje”. Geji ingemwambia.

Ukiyatumia, yape saa 1 nzima. Baada ya dakika 20 uso ni moto mkononi, lakini rimu bado ni baridi, na rimu baridi hunyonya joto la tairi mara tu unapotoka. Shika spoku za rimu kwa kiganja. Zikiwa na uvuguvugu, joto limefika ndani. Pikipiki iwe juu ya stendi mbili, matairi yasiguse sakafu, na funika pembeni kwa kitambaa dhidi ya upepo. Pima na urekebishe upepo likiwa moto, blanketi likiwa bado limewaka. Vaa helmeti na glavu kwanza, washa injini, ndipo yavuliwe. Kila dakika ya kusubiri kwenye foleni ya kutokea unaipoteza. Jenereta iwe na uwezo unaozidi jumla ya wati zilizoandikwa kwenye mablanketi yote mawili, kwa sababu ikizidiwa hukata, na mara nyingi hukata wakati hutazami.

Kwa matairi ya spoti ya barabarani mablanketi si lazima. Ukitaka, soma kwanza kama mtengenezaji anaruhusu na kwa joto gani. Kuyachemsha mara kwa mara huukausha mpira na kuupunguzia maisha.

Kusoma uso wa tairi

Baada ya zamu ya pili, washa tochi hata kama ni mchana na utazame mabega kwa karibu. Tairi linalofanya kazi vizuri lina uso wa kijivu wenye mikwaruzo midogo sawasawa, kama msasa laini. Pitisha kidole kuelekea pande zote mbili, huku na kule. Hakuna upande unaokwaruza zaidi.

Mchaniko wa baridi ni kitu kingine. Utaona mistari ya mipasuko yenye kingo kali, mpira umenyanyuka vipande vipande, na ukikitia ukucha chini ya ukingo mmoja unaingia. Chini ya kipande, mpira ni mweusi na mkavu. Maana yake uso umeshikwa na lami wakati kiunzi bado ni baridi. Mchaniko wa joto huwa na kingo zilizoviringika, zilizolainika, zenye mng'ao wa buluu pembeni, na siku ya nyuzi 8 si rahisi kuupata kwenye tairi lenye upepo sahihi. Watu wengi wakiona mchaniko wowote hudhani tairi limechemka, wakaongeza upepo. Kama ulikuwa wa baridi, wamelifanya liwe baridi zaidi. Linganisha unachokiona na ongezeko la psi kabla ya kugusa valvu: mchaniko pamoja na ongezeko la psi 2 au 3 ni wa baridi. Punguza upepo kidogo, ongeza raundi za kupasha, na ikiendelea badili tairi.

Na ule ukanda wa ukingoni usioguswa na lami, ambao watu huuonea aibu, uache hapo ulipo. Siku ya baridi si siku ya kuufuta.

Umri, hali na ufungaji

Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyochapwa ubavuni mwa tairi. 3523 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2023. Mpira hukauka na umri hata ukikaa stoo, na ugumu huo hujionyesha zaidi kwenye baridi. Kwa siku kama hii ningependa tairi la chini ya miaka mitatu, lililohifadhiwa gizani na mbali na baridi ya kugandisha. Matairi ya mbio hasa hayafai kuachwa kwenye stoo inayoshuka chini ya nyuzi 0, wala kufungwa kwenye rimu yakiwa yameganda. Mpira unaweza kupasuka.

Tairi lililokaribia kipara nalo ni gumu kulipasha. Mpira uliobaki ni mwembamba, hausogei, hauzalishi joto, na umeshachemka na kupoa mara nyingi. Kule kutumia “matairi ya kumalizia” uwanjani, jambo la kawaida wakati wa joto, ni wazo baya wakati wa baridi.

Tairi jipya nalo lina uso laini unaoteleza. Lifunge siku kadhaa kabla, uendeshe kilomita 100 hivi barabarani ukilaza pikipiki kidogo kidogo. Lipashe ndani ya nyumba kwanza ili lisilazimishwe kuingia kwenye rimu. Angalia mshale wa mzunguko. Kisha tazama mstari mwembamba unaozunguka ubavuni karibu na rimu: uwe na umbali sawa pande zote. Ukizama sehemu moja, tairi halijakaa, na utalisikia likitetema kwa kasi. Kifuniko cha valvu kiwe na mpira wa kuzuia upepo ndani.

Baki ya pikipiki

Mafuta ya foki na shokapu huwa mazito kwenye baridi, na shokapu ngumu hurusha tairi badala ya kulikandamiza. Legeza mrudio (jinsi zinavyorudi) na mbonyeo (jinsi zinavyobonyea) kwa kliki moja au mbili, mbele na nyuma, na uandike ulikoanzia ili urudishe mchana. Pandisha mfumo wa kuzuia kuteleza ngazi moja au mbili, na tumia ramani ya injini (mpangilio wa namna inavyotoa nguvu) yenye utulivu kwa zamu ya kwanza. Kumbuka mfumo huo unatazama zaidi gurudumu la nyuma. Mbele ikienda ukiwa umelala, hauna cha kukusaidia.

Vidole vyako pia. Vikifa ganzi huwezi kupima breki kwa ulaini, na breki ya ghafla ndiyo inayoling'oa tairi baridi kutoka kwenye mshiko wake. Glavu kavu za akiba zina thamani kuliko watu wanavyodhani.

Kuna jambo la pembeni ambalo huumiza pikipiki nyingi: viwanja vingi vinakataza kipoozeo chenye glikoli na kutaka maji matupu. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 0, maji hayo huganda ndani ya injini na kuipasua. Yamwage jioni.

Kama lami iko chini ya nyuzi 4 na kuna kivuli kizito, mimi ningesubiri hadi saa tano au sita mchana, au niache zamu hizo kabisa. Pima lami yenyewe kwa kipimajoto cha mwanga, usitegemee joto la hewa kwenye simu. Lami iliyopigwa jua inaweza kuwa na joto kuliko hewa, na ya kivulini ikawa chini yake, kwenye kona hiyo hiyo moja.

Mchana ukipata joto, pima tena. Psi 30 za saa tatu asubuhi hazitakuwa psi 30 za saa nane, na tairi lililokuwa linakosa joto linaweza sasa kuwa na ongezeko la psi 8. Hapo rudisha shokapu na kagua uso upya. Na kama unarudi nyumbani juu ya pikipiki hiyo hiyo, jaza tena 36 na 42 kabla ya kutoka getini, kisha ongeza psi 1 au 2 juu ya hapo kama matairi bado ni ya uvuguvugu, maana yatapoa na kushuka njiani.